Kikao Kimoja cha Lishe kwa Mwaka: Uchambuzi wa Kisa cha Mgonjwa wa Siliaki na Bima Yake

Kisa hiki nimekishona kutokana na mambo yanayojirudia kwa wagonjwa wa siliaki, ugonjwa ambao gluteni, protini iliyomo kwenye ngano na nafaka kadhaa, huifanya kinga ya mwili iushambulie utumbo mwembamba, kwa hiyo usimtafute mtu mmoja ndani yake. Nimekichagua kwa sababu bima haikumtelekeza mgonjwa. Ililipa. Ililipa kipimo cha kamera mara mbili, ikalipa picha ya tumbo, ikalipa vidonge vya kuongeza damu miezi nenda miezi rudi. Ilipogoma ni kwenye kikao cha pili na mtaalamu wa lishe, huduma ya gharama ndogo kabisa katika faili zima.

Mgonjwa ni mwanamke wa miaka 41, mwalimu, mama wa watoto wawili. Kwa miaka kadhaa alikuwa akitibiwa upungufu wa damu usiosikia dawa: akimeza madini ya chuma damu inapanda kidogo, akiacha inashuka. Tumbo lilijaa gesi, lakini si kiasi cha kumlaza kitandani. Siliaki kwa watu wazima ndivyo ilivyo. Wengi hawaharishi wala hawakondi. Wanakuja hospitali na uchovu, damu pungufu au mifupa dhaifu, na kila tatizo linatibiwa peke yake bila mtu kuuliza chanzo.

Hatimaye daktari mmoja aliuliza. Alipima kingamwili za tTG za aina ya IgA, yaani protini za kinga zinazopanda katika damu ya mgonjwa wa siliaki, na pamoja nazo jumla ya IgA yenyewe. Hatua hii ya pili husahaulika mara nyingi, ilhali asilimia 2 hadi 3 ya wagonjwa wa siliaki wana upungufu wa IgA, na bila kuijua hali hiyo kipimo cha kawaida kitawaonyesha kuwa wazima. Kwa mama huyu majibu yalikuwa zaidi ya mara 10 ya kiwango cha juu kinachokubalika. Kamera ikaingizwa, vinyama vikachukuliwa kwenye utumbo mwembamba, na majibu yakarudi kwamba vijidole vya ukuta wa utumbo, vile vinavyofyonza chakula, vimelika na kuwa bapa. Vipimo vyote vilifanyika akiwa bado anakula ngano, kama inavyotakiwa, maana mtu akiacha gluteni kabla ya kupimwa majibu yanaweza kupotosha.

Hadi hapo hakuna wa kulaumiwa. Mambo yalianza kuharibika kwenye tiba.

Siliaki haina dawa ya kumeza. Tangu daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, aonyeshe katika miaka ya 1940 kwamba ngano ndiyo inayowaumiza wagonjwa hawa, tiba imebaki ile ile: kuacha gluteni ya ngano, shayiri na rai (nafaka inayofanana na ngano) maisha yote. Maana yake ni kwamba anayekufundisha kula ndiye anayekupa dawa. Mwaka 2004, jopo lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilitaja mambo sita ya lazima katika kumhudumia mgonjwa wa siliaki, na la kwanza lilikuwa kuonana na mtaalamu wa lishe mwenye ujuzi. Sharti hilo la ujuzi bima nyingi hazilitazami. Zinauliza kama mtaalamu ana leseni na kama yumo kwenye orodha yao, basi.

Kikao cha kwanza

Daktari aliandika mstari mmoja: "Lishe isiyo na gluteni. Aonane na mtaalamu wa lishe." Kwenye orodha ya bima alikuwepo mtaalamu mmoja tu aliyekuwa karibu na mgonjwa, na kazi yake ya kila siku ilikuwa wagonjwa wa kisukari na watu wanaotaka kupunguza uzito. Sidhani kama alikuwa mzembe. Alikuwa na dakika 30, na alifanya anachofanya kila siku. Alimpa karatasi mbili zenye safu ya "kula" na safu ya "usile". Kwenye safu ya pili kulikuwa na ngano, mkate, tambi, keki na biskuti. Alimwambia asome lebo na aepuke chochote chenye ngano. Dakika zilizobaki alimshauri apunguze wanga kwa ujumla na atembee kila siku. Kwenye faili akaandika: "Mgonjwa ameelimishwa na ameelewa."

Sentensi hiyo ndiyo iliyokuja kumponza.

Tazama kilichoachwa nje. Shayiri haikutajwa, na wala kimea, ambacho kwa kawaida hutengenezwa kwa shayiri na hujificha katika vinywaji vya unga, nafaka za asubuhi na viungo vya kuongeza ladha. Oti haikutajwa. Oti yenyewe wagonjwa wengi huivumilia, lakini ile ya kawaida huvunwa, hubebwa na kusagwa pamoja na ngano, hivyo inayofaa ni ile iliyothibitishwa kuwa safi, na hata hiyo mgonjwa aianze kwa kufuatiliwa. Hakuna aliyemuuliza nyumbani kwake wanapika nini, nani anapika, na vyombo gani vinatumiwa na wote. Akiba ya vitamini D, B12, foleti na zinki haikuangaliwa. Mifupa haikuzungumziwa. Wala hakuambiwa kwamba watoto wake, ndugu zake na wazazi wake wanapaswa kupimwa, ingawa ugonjwa huu unatembea katika damu ya familia.

Mtu anaweza kusema hayo ni mambo madogo madogo. Tupige hesabu. Utafiti wa Carlo Catassi na wenzake uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba miligramu 50 za gluteni kwa siku, zikiliwa kwa miezi mitatu, zinatosha kuudhuru utumbo wa mgonjwa aliyekuwa anaendelea vizuri. Kipande kimoja cha mkate wa ngano kina gluteni ya gramu 2 hivi, na mara nyingi zaidi. Kwa hiyo tunazungumzia sehemu moja ya arobaini ya kipande cha mkate. Ndiyo sababu kiwango cha Codex, kanuni za kimataifa za chakula, kinataka chakula kinachoitwa hakina gluteni kisizidi miligramu 20 kwa kila kilo: mtu akila nusu kilo nzima ya chakula kilichofika kwenye mpaka huo, atakuwa amepata miligramu 10. Huwezi kumfundisha mtu kuishi ndani ya nafasi nyembamba namna hiyo kwa karatasi mbili na nusu saa.

Karibu mwaka mmoja baadaye

Mama huyu alitii. Hili nalisisitiza kwa sababu kwenye faili lake, baadaye, mkaguzi wa bima aliandika kwamba "huenda mgonjwa hafuati masharti". Aliacha mkate. Aliacha kula kwenye sherehe za kazini, akawa anakwenda ameshakula nyumbani, mwishowe akaacha kwenda kabisa. Alisoma kila lebo akitafuta ngano.

Kingamwili zilishuka, lakini zikakwama kwenye mara nne ya kiwango cha juu. Akiba ya chuma ilikuwa bado chini, vitamini D ilikuwa chini, uchovu ulikuwa palepale. Daktari akaanza kuwaza siliaki sugu, ile isiyosikia lishe. Ni ugonjwa wa kuogopesha, lakini ni adimu. Akaomba kamera ya pili na picha ya tumbo, na bima ikatoa kibali bila swali.

Hapa ndipo ninapoona kosa la msingi la kisa hiki, na si la bima peke yake. Mgonjwa wa siliaki asipopona, miongozo ya tiba inaelekeza kwanza kuhakikisha ugonjwa wenyewe ulithibitishwa vizuri, kisha mtaalamu wa lishe anayeijua siliaki apitie upya kila anachokula, kwa kuwa chanzo kinachoongoza ni gluteni inayoingia bila mgonjwa kujua. Baada ya hapo ndipo yatafutwe mengine: kutovumilia sukari ya maziwa, bakteria kuzidi kwenye utumbo mwembamba, kongosho kutofanya kazi vizuri, na mwisho kabisa siliaki sugu. Katika faili hili hatua ya lishe ilirukwa, maana ilionekana imekwishafanyika. "Ameelimishwa na ameelewa."

Kamera ya pili ilionyesha utumbo umepona kwa sehemu tu. Majibu hayo peke yake hayasemi mengi. Utafiti wa Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, wa mwaka 2010 ulikuta kwamba miaka miwili baada ya kugunduliwa, ni asilimia 34 tu ya watu wazima waliokuwa wamethibitika kupona ukuta wa utumbo, na baada ya miaka mitano asilimia 66. Utumbo wa mtu mzima hupona polepole hata kwa anayefuata masharti barabara. Kilichosema zaidi ni kingamwili zilizokwama pamoja na chuma kisichopanda: mtu huyu alikuwa bado anakula gluteni mahali fulani.

Daktari akaomba vikao vitatu vya lishe. Bima ikajibu kwamba mwanachama amekwishatumia kikao chake cha mwaka cha ushauri wa lishe, na kwamba ushauri wa lishe ni huduma ya kuboresha maisha, si tiba.

Msimbo uliomfungia mlango

Jibu hilo lilitokana na jinsi kikao cha kwanza kilivyoandikwa kwenye fomu ya madai. Katika orodha ya kimataifa ya magonjwa, ICD-10, siliaki ni K90.0. Kuna msimbo mwingine, Z71.3, wa ushauri na ufuatiliaji wa lishe kwa jumla. Mtaalamu wa kwanza aliandika Z71.3 peke yake, kama alivyozoea kwa watu wanaokuja kupunguza uzito. Mfumo wa bima ukakiingiza kikao kwenye kapu la kinga na ustawi, lenye ukomo wa kikao kimoja. K90.0 ingetangulia, pamoja na D50 ya upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa chuma na E55 ya upungufu wa vitamini D, kikao hicho hicho kingesomeka kama tiba ya ugonjwa uliothibitishwa kwa kinyama. Mgonjwa hakuwahi kuiona fomu hiyo. Wachache sana huiona.

Tatizo si la kampuni moja, na hata nchi zenye mifumo mikubwa zimeikata huduma hii mahali pa ajabu. Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani inayohudumia hasa wazee, imelipia tiba ya lishe tangu mwaka 2002, saa tatu mwaka wa kwanza na saa mbili kila mwaka unaofuata, lakini ni kwa wenye kisukari, wenye ugonjwa wa figo na waliopandikizwa figo ndani ya miezi 36 iliyopita. Siliaki, ambayo lishe ndiyo tiba yake pekee, haimo. Mswada wa kupanua huduma hiyo umepelekwa kwenye Bunge la nchi hiyo zaidi ya mara moja. Italia iliitambua siliaki kisheria mwaka 2005 kuwa ugonjwa wa kijamii, na wagonjwa hupewa posho ya kila mwezi ya kununulia vyakula visivyo na gluteni. Uingereza ina utaratibu wa kuandikiwa baadhi ya vyakula hivyo na daktari, ingawa sehemu yake ya England iliubana mwaka 2018 ukabaki mkate na unga, na mwongozo wa mwaka 2015 wa NICE, taasisi ya huko inayotoa miongozo ya tiba, unataka mgonjwa aangaliwe kila mwaka. Kulipia chakula ni jambo jema. Lakini mtu anayelipiwa unga salama, kisha anaukandia kwenye ubao uliojaa vumbi la ngano, bado hajapata tiba.

Nikiwa muungwana kwa bima, nitakubali kwamba wana sababu ya kuwa wagumu. Ushauri wa lishe ni uwanja ambao kila mtu anajiita mtaalamu, na madai mengi yanayowafikia hayaonyeshi kilichofanyika wala kilichobadilika. Anayesoma "ameelimishwa" hana namna ya kujua kama alielimishwa vizuri. Lakini dawa ya hilo ni kudai matokeo. Wao walihesabu vikao. Ukihesabu vikao tu, nusu saa ya karatasi mbili na saa nzima ya kupekua jiko zinakuwa kitu kimoja, na ile mbovu ikitangulia inamla mwenzake.

Rufaa

Daktari na mgonjwa walikata rufaa. Barua ya kwanza, iliyoandikwa kwa hasira na mgonjwa mwenyewe, ilirudishwa na jibu lile lile. Ya pili iliandikwa na daktari, ukurasa mmoja, na ndiyo iliyopita. Ilianza na majibu ya kinyama na tarehe yake, msimbo K90.0 ukiwa juu kabisa. Ikafuata jedwali dogo la kingamwili, akiba ya chuma na vitamini D, siku ya kugunduliwa na sasa. Halafu maelezo kwamba kwa ugonjwa huu lishe ni tiba na hakuna dawa mbadala, na kwamba miongozo inataka lishe ipitiwe na mjuzi kabla ya vipimo vikubwa, ambavyo bima tayari imevilipia. Kisha ombi lenyewe: vikao vitatu ndani ya miezi sita, na mtaalamu mwenye uzoefu wa siliaki kwa simu ya video, aliye nje ya orodha kwa kuwa ndani ya orodha hayupo mwenye uzoefu huo. Mstari wa mwisho ulitaja kipimo cha mafanikio: kingamwili zishuke angalau nusu katika miezi sita, la sivyo mpango uangaliwe upya.

Mstari huo wa mwisho naona ndio uliobeba barua. Ulimpa mkaguzi kitu cha kushika, na tarehe ya kurudi kukiangalia.

Kwenye kikao hicho kipya, kilichochukua saa nzima, mgonjwa aliagizwa kuweka mezani vifungashio vya kila anachokula, anachokunywa na anachomeza, vidonge vikiwemo. Mtaalamu alikuwa akivitazama kimoja kimoja kwenye kioo cha simu.

"Mama, hilo kopo ni la nani?"

"La watoto, lakini hata mimi nakunywa jioni. Limeandikwa halina ngano, nilihakikisha."

"Hebu geuza nyuma, nisomee viungo taratibu."

Akasoma: sukari, unga wa maziwa, kakao, dondoo ya kimea cha shayiri. Akanyamaza kidogo.

"Kwa hiyo mwaka mzima najilisha sumu mwenyewe?"

"Hapana, mama. Ulifuata karatasi uliyopewa."

Kopo lile halikuwa limedanganya. Halikuwa na ngano. Sheria ya lebo ya Marekani ya mwaka 2004, kwa mfano, inalazimisha ngano itajwe waziwazi kama kizio, lakini haiilazimishi shayiri wala rai. Umoja wa Ulaya hutaka nafaka zote zenye gluteni zioneshwe. Mtu aliyefundishwa kutafuta ngano tu atalipita kopo hilo kila siku kwa moyo mweupe.

Yalipatikana na mengine: mafuta yaliyokwisha kukaangia vitu vya unga wa ngano, chujio la tambi la familia nzima, na oti ya kawaida aliyokuwa anaitumia badala ya mkate akidhani ameokoka. Vidonge vyake vya chuma vilikuwa salama. Vikao viwili vilivyofuata vilikwenda zaidi kwenye kula nje bila kujitenga na watu, na kwenye nyuzinyuzi na vitamini za kundi B, kwa sababu vyakula vingi vya dukani visivyo na gluteni vina wanga na sukari nyingi lakini madini na vitamini kidogo. Mtaalamu huyo ndiye pia aliyeandika kwa daktari kuomba kipimo cha uimara wa mifupa, kilichokuta mifupa imepungua ingawa haijafikia hatua mbaya.

Miezi sita ilipotimia kingamwili zilikuwa zimekaribia kabisa kiwango cha kawaida, na akiba ya chuma ilipanda vya kutosha daktari akapunguza vidonge. Bima ilifunga dai kwa maneno "lengo limefikiwa", na kibali kikaisha hapo. Kwa mwaka unaofuata amerudishiwa kikao kimoja. Safari hii ofisi ya daktari itatanguliza K90.0 kwenye fomu, na imeomba kwa maandishi kikao hicho kiwe na mtaalamu yule yule.

Watoto nao wamepimwa. Wa kwanza hana kitu. Wa pili, mwenye miaka tisa, kingamwili zake ziko mara tatu ya kiwango cha juu. Miongozo ya Ulaya ya mwaka 2020 inaruhusu kuthibitisha siliaki kwa mtoto bila kamera, lakini ni pale tu kingamwili zinapofika mara 10 au zaidi na kipimo cha pili cha damu, cha kingamwili za aina nyingine ziitwazo EMA, kikakubaliana nazo, kwa hiyo yeye anasubiri kamera. Mama alitaka kumwachisha ngano siku ile ile ya majibu. Daktari amemwandikia kwa herufi kubwa kwamba mtoto aendelee kula kama kawaida mpaka kinyama kichukuliwe, na faili lake la bima halitakuwa na K90.0 kabla ya hapo.